Bei Njoo Inboksi

Kuna watu ambao Mtume (s.a.w.) aliwakataza kutoka nje ya mji. Misafara ya vyakula ilipokuwa ikikaribia Madina, walikuwa wakiiendea njiani na kununua mzigo kabla wenyewe hawajaingia sokoni wakajua unauzwaje. Katika riwaya iliyomo kwa Imamu Muslim imeongezwa kwamba mwenye mzigo, akishafika sokoni, ana hiari ya kuyavunja mauzo yale. Riwaya haisemi kwamba aliambiwa uongo. Inasema tu kwamba alikutwa kabla hajafika.

Nauza kanga Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, katika fremu aliyoianza marehemu baba. Hukumu hiyo nimeisikia tangu nikiwa mdogo, baba akirudi darsani na kutusimulia wakati wa chakula, na miaka yote niliichukulia kuwa ya watu wa ngamia. Siku hizi ndiyo ninayoikumbuka mara nyingi kuliko zote, kwa sababu mtoto wa dada yangu ananiendeshea ukurasa wa Instagram, na ugomvi wetu wa kudumu ni maneno matatu ambayo nusu ya Kariakoo huyaandika chini ya picha: bei njoo inboksi.

Kwa asiyejua mambo haya yanavyokwenda: picha ya doti inapandishwa, imependeza. Chini yake kuna mioyo, kuna namba ya simu, kuna "mikoani tunatuma", kila kitu kipo isipokuwa bei. Ukiuliza hadharani unaambiwa "nimekujibu inboksi mpenzi". Huko inboksi, kabla hujajibiwa, muuzaji ameshaingia kwenye ukurasa wako. Ameona harusi uliyokaa meza ya mbele, ameona gari. Anakuuliza uko wapi dada, ili apange usafiri, na ni kweli atapanga usafiri, lakini Masaki na Mbagala Rangi Tatu hazipewi bei moja. Doti ya 13,000 inaweza kuwa 13,000 kwa mmoja, 16,000 kwa mwingine, 20,000 kwa wa tatu, na wote watatu wakaambiwa "hiyo nimekupunguzia wewe tu".

Sasa watu hao watatu wamelipa kwa hiari yao. Wamepokea mzigo waliouona. Wamefurahi, na mmoja ameshamwambia shoga yake. Kosa liko wapi?

Kupatana si dhambi. Dukani kwangu kaunta haikuwahi kubandikwa bei; mteja anasema yake, mimi nasema yangu, tunakutana mahali. Anayechukua doti kumi za kichenpati sitamtoza sawa na anayechukua moja, na bibi kizee nikimpunguzia hiyo ni yangu na Mungu wangu. Lakini wakati napatana naye kuna wengine wawili wameegemea kaunta, wanasikia. Mlango wa jirani uko hatua tatu, naye anauza mali ileile, na mteja akiona namwonea anatoka, anauliza huko, anarudi. Nikitaja bei ya ajabu yupo wa kuguna. Mguno ule ndio soko lenyewe. Inboksi haina wa kuguna.

Ndiyo maana nayaweka pamoja mambo mawili ambayo wengi huyasoma mbalimbali. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume awapangie. Alikataa, alilirudisha jambo hilo kwa Mwenyezi Mungu, akihofia kukutana na Mola wake huku kuna mtu anamdai dhulma. Bei ikaachwa huru. Na Mtume huyohuyo aliyeiacha huru ndiye aliyekataza misafara isidakwe njiani. Mimi naelewa hivi: kila mtu na auze anavyoweza, ila asimzuie mwenzake kujua wengine wanauzaje.

Mtoto wa dada yangu ana hoja zake, na si za kipuuzi. "Mama mkubwa," ananiambia, "ukiandika bei, jirani anashusha mia tano jioni hiyohiyo." Kweli. Halafu mtandao wenyewe unapenda kelele: posti ikikusanya komenti inasukumwa mbele ya watu wengi zaidi, na komenti iliyo rahisi kuliko zote kuipata ni "bei?" Ukiiandika bei, mteja anasoma, inamfaa au haimfai, anapita zake kimya. Ukiificha, anasema. Nilipoelezwa hivyo ndipo nilipochukia zaidi. Nilidhani wafanyabiashara wanaficha bei kwa kuwaogopa washindani, kumbe mteja anafichwa ili atupigie debe bila malipo.

Yunus bin Ubayd alikuwa muuza vitambaa Basra katika karne ya pili ya Hijra, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amemtaja katika kile kitabu cha adabu za kuchuma kilichomo ndani ya mkusanyo wake mkubwa, Ihya. Dukani alikuwa na mavazi ya dirhamu 400 na mengine ya 200. Akaenda kuswali, akamwacha mtoto wa ndugu yake auze. Akaja bedui akitaka vazi la 400. Kijana akamtandazia la 200. Bedui akalipenda, akalipa 400, akaondoka nalo mkononi. Yunus akakutana naye njiani, akalitambua, akamuuliza kalinunua kwa kiasi gani. Aliposikia, akamwambia halizidi 200, warudi dukani. Bedui akasema kwao linakwenda 500, na yeye ameridhika nalo. Yunus hakukubali. Alimrudisha, akampa dirhamu 200 zake, kisha akamgeukia kijana. Kijana akajitetea kwa hoja ileile ya Kariakoo, kwamba mteja alilichukua kwa ridhaa yake. Yunus akamuuliza kwa nini basi hakumridhia mteja kile anachoiridhia nafsi yake.

Bedui yule, kwa hesabu zake mwenyewe, hakuonewa. Angefika kwao akauza angepata faida ya dirhamu 100. Ridhaa yake ilikuwa ya kweli kabisa, na hapo ndipo kisa kinapopata uzito, maana tungependa mdhulumiwa awe analia. Kilichokosekana ni kwamba hakuonyeshwa lile rundo la pili. Aliridhika na kilichowekwa mbele yake na mtu aliyejua kilichoachwa nyuma. Na Ghazali ni mwangalifu hapa: kumrudishia mteja ziada anakuhesabu kuwa hisani, jambo la juu ya wajibu, lakini ziada ikipatikana kwa kumficha mtu bei, hiyo imeshaingia katika mlango wa dhulma. Mimi sidai kila muuzaji awe Yunus. Nina kodi ya fremu, hisani siiwezi kila siku. Nadai tu kile cha chini, cha kutoficha. Na kutoficha ni pamoja na yale madogo madogo yanayoachwa mpaka dakika ya mwisho: "usafiri juu yako", "weka na ya kutolea", jina la lipa namba lisilofanana kabisa na jina la duka.

Lakini bei ni nusu ya jambo. Mtume alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye rundo akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa, watu wakione. Wateja wangu wa kaunta wote wanajua kuingiza mkono. Mwanamke wa huku kwetu hanunui kanga kwa macho. Anaikunjua, anaiinua kwenye mwanga aone kama kitambaa ni chepesi, anaikwaruza kwa kucha aone wanga ukitoka kitabaki nini, wapo wanaolowesha ncha kwa mate kujua kama rangi itachuja, na mwisho anasoma jina. Robo saa. Wakati mwingine hanunui.

Kwenye simu mkono huo haupo. Nina wateja Lubumbashi na Bujumbura ambao hatujawahi kuonana, wananitumia sauti WhatsApp, natuma picha, wanatuma hela. Wanachokijua kuhusu kanga yangu ni kile nilichoamua wakijue. Na picha zenyewe tunazijua zinavyopigwa: taa ya duara, filta juu yake, nyekundu inakuwa nyekundu isiyopatikana duniani, wengine hawajaipiga hata hiyo picha, wameiokota kwenye ukurasa wa kiwanda cha nje. Kwetu tumeamua picha ipigwe mlangoni, mchana, bila filta, iandikwe kama ni pamba tupu au imechanganywa, na jina lisomeke. Hili la jina watu wanalidharau. Mteja mmoja wa Tabora aliagiza doti ya mama mkwe kwa muuzaji mwingine, akaitaja kwa rangi, na rangi akaletewa sawasawa. Jina lililokuja lilikuwa la kijembe. Tangu hapo mkwe hajamwelewa.

Kwa kuwa mkono haupo, mnunuzi wa mtandaoni anaegemea wenzake: anasoma komenti. Nasi tumeshalijua hilo. "Nimepokea mzigo wangu dada, Mungu akuzidishie" imeandikwa na binamu. Wafuasi elfu ishirini wamenunuliwa kwa mafungu. Na yule aliyeandika "nilituma hela mwezi jana mpaka leo sijaona kitu" amefutwa na kublokiwa kabla ya adhuhuri. Wanazuoni wana hukumu ya mtu anayejifanya mnunuzi ili mali ya mwenzake ionekane inagombewa. Ni haramu, na hilo halina mjadala. Kuhusu kumfuta mlalamikaji hawakuandika, kwa sababu sokoni mtu huwezi kumfuta. Unaweza kumfukuza, lakini ataguna akiwa barabarani.

Linalonisumbua kuliko yote ni jina la Mungu. Fungua ukurasa wowote wa nguo Dar es Salaam. "Bismillah, mzigo mpya." "Mashallah, zimebaki mbili tu wahi", na stoo marobota hayajafunguliwa. "Wallahi hutapata bei hii popote." La mwisho ni jepesi kulihukumu, Mtume alishaonya kwamba kiapo kinaiuza bidhaa na kinaifuta baraka. Lakini hizo bismillahi na mashallah, ambazo hazina uongo ndani yake?

Yunus bin Ubayd tena. Mteja alitaka hariri. Mtumishi akaitoa, akaitandaza, akaitazama, akamwomba Mwenyezi Mungu awaruzuku Pepo. Yunus akamwambia airudishe mahali pake. Hakuiuza. Aliogopa dua ile isije ikawa ni kuisifia mali kwa kuzunguka. Baba alikuwa akikisimulia kisa hiki huku akicheka, maana kwa muuza duka wa Kariakoo hariri iliyokwisha kutandazwa hairudi kabatini kwa sababu ya dua. Mimi sicheki sana. Dua yenyewe ni njema, hakuna neno lililopotoka, na Pepo ni ya kuombwa kila saa. Ila ilisemwa na mteja amesimama pale. Mwenye kuombwa ni mmoja, na sikio lililokusudiwa huenda lilikuwa jingine. Yunus hakuwa na uhakika, wala hakumtuhumu kijana. Shaka peke yake ilimtosha kuacha mauzo.

Shaka ya namna hiyo ndiyo iliyoondoka mikononi mwetu. Na msidhani nawasema Waislamu peke yao. "Mungu ni mwema wakati wote, mzigo umetua" ni ya majirani zangu Wakristo, na wao pia kanisani wanasomewa jinsi Yesu alivyozipindua meza za wabadili fedha hekaluni. Ghazali anakwenda mbali zaidi ya hapo: anasema hata kuisifia bidhaa kwa sifa iliyonayo kweli, ikiwa mnunuzi anaiona mwenyewe, ni maneno ya bure, na maneno ya bure yana hesabu. Nikiichukulia hukumu hiyo kama ilivyo, kurasa zote zingebaki picha, kipimo na bei. Sina hakika ningeupenda mtandao wa namna hiyo. Kariakoo bila kelele si Kariakoo. Nimemwambia binti wa dada yangu aseme bismillahi kwa mdomo wakati anabonyeza, asiiandike. Amesema nimezidi.

Turudi njiani, kwenye misafara. Kuna kundi la WhatsApp la msiba mtaani kwetu. Siku ya mazishi, kati ya ratiba ya kaburini na namba ya kutumia rambirambi, ikatua picha ya vijora na maneno "ofa ya wikiendi". Aliyeituma hakudanganya. Bei aliiandika, na ilikuwa nzuri. Lakini waliokuwamo mle hawakuwa sokoni wala njiani kwenda sokoni. Walikuwa wanauliza nani ana turubai. Surat al-Jumua inawataja watu walioiona biashara wakaikimbilia, wakamwacha Mtume amesimama, na lawama ikawaangukia hao waliotoka. Siku hizi mtu hana haja ya kutoka. Msafara unaingia wenyewe, mpaka ndani ya safu. Ndivyo ilivyo pia kumwingiza mtu kwenye kundi la bidhaa bila kumuuliza, kwa kuwa namba yake ilibaki kwenye muamala wa mwaka juzi.

Sheria nazo zinajikongoja nyuma. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya wamekwisha kutoza: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za huko, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kwangu picha za wateja ni marufuku, apendeze asipendeze. Nawajua wanaonunua doti na hawataki mke mwenza ajue.

Lililobaki sijalimaliza. Kariakoo ina mawinga, vijana wasio na fremu wala mtaji. Wao walikuwa wakisimama Msimbazi na Gerezani, wanamdaka mteja akishuka, "dada unatafuta nini", wanamleta dukani na kuweka cha juu chao. Wengi sasa wamehamia kwenye simu. Wanachukua picha za kurasa zetu, wanazipandisha kwenye stetasi zao, wanaongeza elfu tatu, na oda ikipatikana ndipo wanakuja kuchukua mzigo. Ukiisoma hukumu ya misafara harakaharaka, wao ndio wa kwanza kukamatwa nayo. Na wapo watu wazima hapa mtaani wanaowarushia methali, kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Anayesema hivyo ana fremu barabarani. Hawa vijana ndio wanaoifikisha kanga yangu Chanika na Kibaha juu ya bodaboda, mvua ikinyesha, ambako mimi sijafika.

Tulipoanza kuandika bei kwenye ukurasa, mmoja wao alikuja asubuhi kabla hatujamaliza kupanga. Hakukasirika. "Shikamoo mama," akasema, na nilipoitikia akaongeza, "mama, umenifungia duka."

Nilimwambia aandike vyote viwili, bei yangu na cha juu chake: doti 13,000, kuletewa 3,000. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue shati katikati ya barabara. Kwa winga, cha juu hakitajwi. Kikitajwa, anaona hana kazi. Nikamwambia kazi anayo, ya kupeleka, na kazi ya kupeleka ina malipo ambayo hakuna haja ya kuyaonea aibu. Akaondoka bila kujibu. Siku chache baadaye binti akanionyesha stetasi ya winga yule, ameandika hivyo hivyo, ila kuletewa ameweka 3,500.

Wapo wanaomlipa bila neno, maana kuja Kariakoo na kurudi, ukiweka na foleni, kunagharimu zaidi. Wapo wengine wanaoisoma bei yangu kwake kisha wanakuja wenyewe mpaka kaunta. Hao ndio wananikosesha raha. Mteja kaletwa na yeye, hela imeingia kwangu, naye hana habari. Binti anasema hilo ndilo soko huria nililolitaka. Nimeanza kuwauliza wameiona wapi, na wakimtaja naandika kwenye daftari: doti moja, mia tano ya kijana. Mwisho wa mwezi anakuja kuchukua. Yeye anasema mia tano ni ndogo, mimi nasema hajaendesha bodaboda, na hapo bado tunapatana.